Sanamu Lililoipa Barabara Mgongo

Dada wa usafi alisimama ng'ambo ya barabara, ndoo mkononi, akichunguza macho ya wapita njia yanatua wapi kwenye dirisha la duka. Kwenye gauni? Kwenye viatu? Wapi! Kila mtu na hamsini zake.

"Wewe, unalipwa kushangaa?" keshia alimpigia kelele kutoka mlangoni.

Alivuka. Baada ya kumsumbua bosi tangu mwaka jana, leo ameruhusiwa kupamba dirisha la duka la nguo. Wateja wakiingia, atakuwa mpambaji. Wasipoingia, arudi kwenye dekio lake na habari za madirisha ziishe. Alikuwa amelivika sanamu gauni la njano lililosahaulika stoo, akalibana kwa pini mgongoni.

Mara akaingia afisa wa manispaa. "Sanamu linatazama barabara. Hilo ni tangazo. Kibali kiko wapi?"

"Likitazama ndani je?" bosi, mama asiyependa shari, aliuliza.

"Hapo ni mapambo tu."

"Ligeuze, mwanangu."

Roho ilimuuma. Pini zote zitaonekana! Aliligeuza kwa hasira, likabaki kama limenuna. "Haya, nuna vizuri basi," akaliambia. Akazichomoa pini, akaliinamisha kichwa, akalikunja mikono kifuani kama limeficha kitu.

Mwanamke mmoja akapita, akarudi, akaingia. "Limeshika nini?"

"Njoo uangalie."

Halikushika kitu. Mwanamke akacheka, kisha akalipapasa gauni. Nyuma yake wakaja wengine, na dada wa usafi akawa anawatazama nyuso, anasahau hata kupumua. Kumbe mtu hujia kile asichoonyeshwa!

Jioni afisa alirudi. Alichungulia kiooni, akaingia, akalizunguka sanamu. "Lina nini?"

"Hamna kitu, mkubwa."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akavaa tena uso wa kazi. "Mgongo unaita watu. Nao ni tangazo. Litolewe."

Bosi alitazama chini. "Litoe, mwanangu."

"Na kazi, mama?"

"Tulikubaliana. Wewe ni mpambaji."

"Wa dirisha lipi?"

Dada wa usafi alilibeba sanamu mpaka stoo. Aliporudi alikuwa na ndoo yake. Akaipindua katikati ya dirisha tupu, akaikalia, akaipa barabara mgongo na kukunja mikono kifuani.

"Na mimi nahitaji kibali, mkubwa?"

Nje, watu wawili walikuwa wamekwishasimama.