Nati za Kuba

Tanuru la kioo halizimwi. Katika mji ule wa Lausitz hata watoto wa chekechea walilijua hilo: likishawashwa huwaka mchana na usiku miaka kumi na tano, likizeeka hubomolewa. Kwa hiyo wakubwa walipotangaza kwamba lao litapoozwa Oktoba na kuwashwa tena Machi, gesi ikishuka bei, wafanyakazi walicheka.

Benno Lehnigk hakucheka. Alikuwa fundi wa tanuru miaka thelathini na mmoja, na ndiye aliyeitwa ofisini. Meneja mpya, Bwana Terhorst, alimwambia kuba, yaani paa la matofali la tanuru, likifika kwenye ubaridi likiwa zima, tanuru litawashwa, na watu sitini watarudi kazini. Likipasuka, basi tena. Maskini Benno, akaamini.

Tatizo lilikuwa matofali yenyewe. Yamejaa fuwele za silika, yale madini ya mchanga, na fuwele hizo zina kiburi. Kwenye moto mkali hata uongeze au upunguze digrii mia, hazijali. Zikishuka chini ya mia tatu ndipo vituko huanza: zinajipanga upya na kunywea ghafla, na tofali hunywea nazo. Ukiharakisha, linapasuka. Kuba lote limebanwa ubavuni kwa vyuma vyenye nati. Moto ukipanda matofali huvimba, nati hulegezwa. Moto ukishuka hukazwa, la sivyo kuba litaporomoka. Na ukikaza mno, unayasaga.

Marit Kubasch, msoma vipimajoto, alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na miwili, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mzee, hawa watu wanatudanganya."

"Wakidanganya, shauri yao. Nisipokaza, nitakuwa nimeliangusha mimi."

"Haya, kaza. Ila mkeo akiuliza unalala na nani siku hizi, usinitaje mimi, litaje hilo kuba."

Benno alikaza siku thelathini na nne, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Alikula mkate na tango la siki akiwa amesimama, na ubatizo wa mjukuu wake ukampita. Chini ya mia tatu waliteremka digrii moja kwa saa. Kwenye mia mbili na thelathini kitu kililia ndani ya kuba, na Marit, yule mwenye maneno, akamshika mkono. Sauti haikurudi tena.

Siku ya mwisho Benno aliingia ndani na taa, akagonga tofali moja moja kwa nyundo ndogo. Yote yaliitika vizuri. Akakaa chini humo humo akalia kwa furaha, mtu mzima na mvi zake.

Asubuhi iliyofuata Terhorst alikuja na mgeni mwenye chaki. Mgeni naye aligonga, akatia alama nyeupe kila tofali. Benno alidhani ni mkaguzi, akamuuliza watawasha lini.

"Kuwasha?" Mgeni alimtazama Terhorst. "Mimi nimekuja kununua matofali. Kwa kawaida huwa nakuta vifusi tu. Haya ni mazima kabisa, hongera."

Benno alimgeukia meneja. Terhorst alikuwa anatazama viatu vyake.

"Lehnigk, ningekwambia ukweli, usingelipooza taratibu namna hii."

Mihimili ya mbao iliegeshwa chini ya kuba mchana huo ili lisiporomoke nati zikifunguliwa, lakini vibarua wa mgeni hawakujua nati ipi ianze. Walisema watavikata vyuma kwa moto, matofali yatakayovunjika yavunjike. Marit alivua kofia yake, akasema twende nyumbani, Mzee, waache walivunje wenyewe.

Benno hakuweza. Aliokota spana, akaenda kwenye nati ya kwanza. Maisha yake yote nati zile zililegezwa moto ukiwa unapanda tu. Alizilegeza zote, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na hakuna tofali hata moja lililopasuka.