Wa Mwisho Kwenye Benchi

Kumbe kutafuta meneja ni kazi kuliko kuwa meneja. Mama Funguo alikuwa amekaa meza ya pembeni, viatu amevivua, miguu imemvimba, anawasikiliza watu wakijisifu. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu ya lile shada la funguo kiunoni: stoo, friji, ofisi, mlango wa nyuma. Zamani aligawana funguo hizo na mumewe, aliyeuendesha mgahawa ule tangu haujawa hata na feni. Siku hizi zote zilikuwa zake.

Mumewe alikuwa ameanza kusahau. Mwanzoni watu walicheka. Mzee aliwakaribisha wageni kwenye meza yenye watu, wakasogezana. Halafu akaagiza vitunguu mara tatu kwa wiki moja, vikaota majani stoo. Siku alipowasha jiko la gesi akaenda zake kunyoa ndevu, hakuna aliyecheka. Mama Funguo akamwambia apumzike nyumbani, pale pale ghorofani juu ya mgahawa, naye akakubali bila neno, jambo lililomuuma mkewe kuliko kama angebisha. Tangu hapo jikoni ni yeye, ukumbini yeye, na juu pia yeye. Watu husema ng'ombe haelemewi na nunduye, ila ng'ombe huyo hakuwahi kuendesha mgahawa. Asipopata meneja ataanguka, na akianguka, mzee ataangaliwa na nani?

Basi akaita watu. Wa kwanza manukato yake yalifika kabla yake, na kila sentensi ilikuwa na neno "maono". Alipoulizwa mpishi asipotokea asubuhi atafanyaje, akasema ataitisha kikao. Wa pili alikuwa amesimamia migahawa kadhaa, yote imefungwa, na kwa maelezo yake wenye makosa walikuwa wateja. Wa tatu, dada mmoja aliyefanya kazi jikoni kwenye hoteli, alijibu kwa kifupi, akakiri asichokijua, akauliza kama ataruhusiwa kuondoka mapema siku moja kwa wiki ampeleke mwanawe kliniki. Mama Funguo alimpenda, ila alikuwa amechoka mno hata kufurahi. Akasema atampigia jioni.

Kisha akaita aliyebaki aingie, bila kuinua macho.

Kiti kikavutwa. Alipotazama, alikuwa mumewe, koti na tai, amekaa wima, mikono magotini. Kumbe muda wote alikuwa kwenye benchi huko nje, akingoja zamu yake na wenzake.

Mama Funguo alitaka kumwambia, mzee wangu, panda juu ukalale. Hakuwa na nguvu za kubishana. Akamuuliza kama alivyowauliza wengine. Mpishi asipokuja? Mzee akasema atavaa aproni mwenyewe, na menyu ataipunguza ibaki na vyakula viwili anavyovimudu. Mteja akirudisha sahani? Atakionja chakula kwanza kabla ya kumtetea mpishi. Alijibu yote bila kuteleza, na moyo wa mkewe ukaanza kudanganyika kwamba amerudi.

"Kazi ya mwanzo uliiachia nini?" akamuuliza.

"Sikuiacha, mama. Mke wangu ndiye aliyenipumzisha. Anasema nimechoka." Mzee akainama mezani kama anayetoa siri. "Lakini aliyechoka ni yeye. Usiku namsikia anavyougulia miguu. Nikipata kazi hapa, nitamwambia alale mpaka jua limtoe kitandani."

Aliyasema hayo akimtazama usoni, na hakumjua. Mama Funguo akashindwa kujua kama anachosikia ni uchungu mtupu au na raha imo, kupendwa hivyo na mtu asiyemwona.

Yule dada wa hotelini angeelewa kwamba mameneja watakuwa wawili, au asingeelewa. Hilo lilikuwa la jioni.

"Umepata," akasema.

Mzee akasimama, akampa mkono kwa heshima zote, kisha akaomba ruhusa. "Nikamwambie mke wangu, mama. Atafurahi."

Mama Funguo hakuuachia ule mkono.

"Ameshasikia," akamwambia.