Mlinzi wa Moto Ndani ya Mkoba Wangu

Niliiogopa ile rafu kabla sijaambiwa ni ya nini.

Ilikuwa juu ukutani, jikoni kwa Susu Hisae, karibu na jiko la gesi. Juu yake palikuwa na kijumba cha mbao chenye vilango viwili vilivyofungwa. Mbele ya vilango kulikuwa na kikombe cha maji, kisahani cha mchele na kisahani cha chumvi. Ni vitu vya kila siku, lakini vikipangwa mbele ya mlango uliofungwa, mtu hujiuliza anayekula ni nani.

Susu Hisae ni Mjapani mjane wa miaka themanini na minane. Anaishi peke yake Granville, huku ughaibuni, katika nyumba ya matofali nyuma ya gereji. Mimi ni Mbula, mhudumu wake. Nilimwita Susu kama tunavyowaita nyanya zetu Ukambani, naye alilipenda jina hilo. Kila asubuhi nilimwogesha, nikampikia na kumpa dawa. Ofisi yangu ilikuwa imeongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya kazi: badilisha maji ya rafuni, mteja hafikii.

Kwa hiyo nilipanda kigoda kila siku, nikabadilisha maji macho yakiwa yamefumbwa, huku nikiliita jina la Yesu kimoyomoyo. Chini yangu Susu aliinama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena.

"Ndani mna nani?" nilimuuliza siku moja.

"Kojin. Mlinzi wa moto wa jikoni." Akacheka kidogo. "Ana hasira za haraka. Hapendi uchafu. Lakini ukimheshimu, moto haupiti mahali pake."

Wiki hiyo kengele ya moshi ililia mara mbili wakati jiko limezimwa. Fundi alisema ni betri. Mimi sikuamini betri. Nilianza kuota vile vilango vikifunguka polepole kutoka ndani, na kila mara niliamka kabla sijaona mkono uliovisukuma.

Nikamweleza Mama Hope, kiongozi wa ushirika wetu wa maombi Doonside. Hakuniacha nimalize.

"Mbula, wewe unahudumia madhabahu ya watu kwa mkono huo, halafu Ijumaa unakuja kuuinua huo huo hapa kwangu?"

"Ni kazi, Mama Hope. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani? Leta hicho kitu Ijumaa tukichome. Usipokileta, usiniambie tena habari za ndoto."

Alhamisi asubuhi, Susu alipokuwa ameketi bafuni akisubiri taulo, nilipanda kigoda macho wazi. Nilivuta vilango. Nilitarajia sanamu lenye meno. Nilikuta kipande chembamba cha ubao kilichofungwa kwa karatasi nyeupe, chenye maandishi meusi yaliyoshuka kutoka juu hadi chini. Hakikuwa na uzito wowote. Nilikitia mkobani, nikafunga vilango kwa haraka, nikarudi bafuni na taulo. Susu alinishukuru kwa kulipasha moto.

Jioni hiyo nilikuwa na darasa katika chuo cha ufundi Campbelltown, ambako mimi na miaka yangu hamsini na miwili tunasomea cheti cha kutunza wazee. Katika treni nilipakata mkoba. Tulipopita kituo cha Liverpool nikahisi joto mapajani. Likazidi. Sikuthubutu kufungua. Nilisali kituo baada ya kituo, jasho likinitoka, na mwanamke aliyeketi mbele yangu akahama kiti.

Darasani, Avelina, rafiki yangu kutoka Bukoba, ndiye aliyeufungua. Chupa yangu ya chai ilikuwa imevuja juu ya chapati zangu. Karatasi nyeupe ilikuwa na doa la kahawia pembeni.

"Hiki nini, shoga?"

Nikamnong'oneza yote. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza yai.

"Makubwa! Umemwiba mlinzi wa bibi wa watu, ukamchanganya na chapati?"

"Si mlinzi. Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mbona unatetemeka?"

Nikakirudisha mkobani. Nyumbani sikuweza kulala nacho chumba kimoja. Nikauning'iniza mkoba kwenye bomba la chumba cha kufulia nguo, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Ijumaa asubuhi nilifungua nyumba ya Susu kwa ufunguo wangu, nikaita. Nikaenda moja kwa moja chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile nilivyokiacha. Nilimkuta jikoni, sakafuni, ameketi akilitazama jiko, na nguo za jana mwilini. Kando yake kulikuwa na ndoo iliyojaa maji. Sijui aliiburuta vipi. Juu ya kichwa chake, kilango kimoja cha rafuni kilikuwa wazi. Katika haraka yangu sikukibana vizuri.

"Susu! Umeanguka?"

"Usipite mbele yangu," alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Ameondoka. Moto hauna mlinzi."

"Tangu lini umekaa hapa?"

"Tangu jana jioni. Yeye asipokuwepo, lazima mtu wa nyumba akeshe. Mama alitufundisha hivyo."

Miguu yake ilikuwa imevimba, baridi kama vigae alivyokalia. Dawa za moyo za jana usiku zilikuwa bado kisandukuni. Nilileta uji, akafunga mdomo. Nilileta vidonge, akanisukuma mkono bila kuondoa macho kwenye jiko.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Ndege za vita zilikuja Tokyo, moto ukachukua mtaa wetu wote. Mdogo wangu alibaki ndani. Wewe unajua moto unavyomwita mtu kwa jina? Mimi nilisikia."

"Susu, nitaita ambulensi."

"Ita. Nitawauma."

Hakuwa akitania. Nilijua akibebwa kwa nguvu moyo ule hautafika mlangoni. Nilijua pia kwamba asipokunywa dawa hautafika saa sita. Na mkoba wangu ulikuwa begani.

Nikapiga magoti kando yake. Bado nilitafuta njia ya kuponyoka. Nikamwambia asiogope, kwamba Mungu wangu hukesha usiku na mchana bila kuchoka, na analiona jiko hili pia.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akageuza uso, akanitazama.

"Kama hukesha," alisema, "basi alimwona aliyemchukua."

Siku zote nilikuwa nimekiogopa kijumba kile, na kumbe macho ya kuogopwa yalikuwa yakinitazama kutoka upande mwingine kabisa, tangu nilipoacha taulo na kupanda kigoda. Nikafungua mkoba. Nikakitoa.

Susu alikitazama. Akaligusa doa la chai kwa kidole kimoja. Nilingoja anipige au alie.

"Niliogopa," nilisema. "Nilikuwa nimepanga kichomwe leo. Nisamehe, Susu."

"Mimi uniombe baadaye. Nawa mikono. Sukutua kinywa. Halafu mrudishe."

Nikanawa. Nikasukutua. Nikapanda kigoda, nikakisimamisha ndani na kufunga vilango mpaka vikalia. Nikaweka maji mapya. Nyuma yangu nikasikia makofi mawili, dhaifu, kama majani makavu.

Kisha akafumbua mdomo. Alikunywa vidonge, akala uji vijiko vitano. Nilipomwinua hakuwa mzito kuliko mtoto. Nikampeleka kitandani, nikampigia nesi wa zamu, akasema yuko njiani. Halafu nikaipigia ofisi na kuwaambia nilichofanya. Mwanamke wa ofisini akaniambia nisiondoke, atakuja yeye mwenyewe.

"Mbula," Susu aliita kutoka chumbani.

"Naam."

"Amerudi na hasira. Huchukua muda kutulia. Mtu wa nyumba akeshe."

"Hakuna mtu mwingine wa nyumba, Susu. Ni wewe tu."

"Mimi nimechoka," alisema, akafumba macho.

Simu ilitetemeka. Mama Hope. Niliiacha itetemeke mpaka ikachoka.

Kisha nikarudi jikoni, nikaketi pale alipokuwa ameketi, ndoo mkono wa kulia. Vigae vilikuwa baridi kama miguu yake. Nilimwomba Mungu wangu, kwa jina lake, kama nilivyozoea tangu utotoni. Ila safari hii sikufumba macho. Niliyakaza kwenye jiko, na sikuthubutu kuyainua kwenye rafu, mpaka niliposikia gari likisimama nje.