Mwaka wa Tatu wa Kombe la Makoko

Chrispin, katibu wa klabu ya gofu, aliirudisha historia ya kombe niliyoandika ikiwa na mstari mwekundu sehemu moja tu, mwaka wa tatu. Mengine yote aliyasifu.

"Dada Yunis, hii ni sherehe ya miaka kumi," alisema. "Wadhamini wanakuja toka Bunda na familia zao. Andika tu kwamba mvua ilivuruga mashindano."

"Mvua gani? Siku ile jua lilikuwa kali hatari."

"Sasa nani anakumbukaga hayo?"

Mimi nakumbuka. Nilipewa kazi ya kuandika kwa sababu mimi ndiye pekee niliyecheza Kombe la Wanawake la Makoko kila mwaka tangu lianze. Mwaka wa kwanza tulikuwa wachezaji gofu wa kulipwa ishirini na mmoja, wengi wa Nairobi, Kampala na Arusha, na mzaliwa wa Mara nilikuwa mimi tu. Watu wa kijijini kwetu Bukima walipanda malori kuja kunishangilia. Kila mchezaji akiinua fimbo apige, vigelegele. Dada mmoja wa Nairobi aliukosa mpira kabisa, akalia, na waamuzi wakatishia kuwafukuza watu wangu.

Niliona aibu, tena aibu ya kijinga. Nikaenda kanisani Bukima baada ya ibada, nikawafundisha: mkono wangu ukipanda, hata kikohozi mkimeze, mpaka mpira uondoke. Mimi nilishika mpini wa jembe kama fimbo ya gofu, wao wakakaa kwenye mabenchi. Mmoja akicheka, tunaanza upya. Mwaka wa pili waamuzi waliwasifu kuliko watazamaji wote, na mimi nikavimba kichwa.

Mwaka wa tatu nilikuwa naongoza, yamebaki mashimo mawili. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo zangu, alikuwa mdogo wangu Penina. Mpira ukadumbukia ziwani, pembeni mwa uwanja. Kwa sheria ya mashindano yale, ukianza na mpira wa aina fulani unamaliza na aina hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimebakiwa na huo mmoja. Wenzangu walikuja na madazeni. Penina hakungoja kutumwa. Ningeweza kumzuia, sikumzuia. Aliupapasa kwenye tope, akanirushia, akabaki kwenye maji ya magoti ananawa mikono. Nikakubali adhabu ya pigo moja, nikaudondosha mpira nchi kavu, nikampa Penina mgongo, nikainua mkono.

Watu zaidi ya mia mbili walinyamaza.

Nilipiga vizuri sana. Mpira ukiwa bado hewani wakapiga mayowe, na mimi mjinga nikatabasamu, nikidhani wananishangilia. Nilipogeuka, maji yalikuwa yanazunguka na Penina hayupo. Tulichozika kilikuwa kidogo mno.

Masatu, mvuvi wa Bukima, alinieleza msibani huku analia. "Nilimuona mamba, mwanangu. Anakuja taratibu, macho tu ndiyo yako nje. Mdomo nilishafungua niite. Ila wewe ulishatuambiaga, mpaka mpira uondoke."

Siku ya sherehe Chrispin alinipa karatasi iliyochapwa upya, yenye mvua yake. Nilisoma mwaka wa kwanza na wa pili mbele ya wadhamini na watu wangu wa Bukima, kisha nikaikunja.

"Mwaka wa tatu hakukuwa na mvua," nilisema. "Mdogo wangu Penina, miaka kumi na tisa, aliuawa na mamba nyuma ya mgongo wangu. Watu wa Bukima walimwona. Walinyamaza kwa sababu niliwafundisha mimi, na kosa ni langu, si lao."

Chrispin alikuja kuchukua kipaza sauti. Nikainua mkono kumzuia.

Umati wote ukanyamaza palepale, na watoto pia. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Masatu aliposimama kule nyuma, mzee wa watu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Mamba! Penina, toka! Toka majini, mwanangu, toka!"

Mkono wangu ulikuwa bado juu.