Sweta la Twiga

Mwalimu wa hisabati hakuwa mtu wa fimbo. Wanafunzi wakishikana mashati darasani, hakupayuka wala kumkimbilia mkuu wa shule. Aliuingiza mwili wake mnene katikati yao, akasubiri hasira zishuke. Kisha alichukua kilichochanika, akaenda nacho nyumbani, akakifua na kukishona kwa mkono wake. Kesho yake aliyekichana alimkabidhi mwenzake mbele ya darasa, yakaisha. Nani kaanza, kwa nini, hakutaka kusikia. Walimu wenzake walimtania kuwa amefungua udobi, lakini vurugu zikizuka walimwita yeye.

Siku hiyo walipigana Twiga na Kasuku. Twiga, msichana mrefu, mkimya, alikuwa amerudi shule juzijuzi tu baada ya kumzika mama yake. Kasuku mdomo haumkai. Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni akakuta dawati limepinduka, Twiga kamkalia mwenzake kifuani, na wote wameng'ang'ania sweta la kijivu, kubwa, la mtu mzima. Bega moja lilikuwa limefumuka.

"Mwalimu, mimi nimesema tu linanuka!" Kasuku alilia. "Analivaa kila siku, halifui!"

"Sitaki hadithi. Leteni hapa."

Twiga hakuachia. "Naomba, mwalimu. Niachie hivyohivyo."

"Limechanika, mwanangu. Nitakurudishia likiwa zuri."

"Sitaki zuri."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye akatabasamu, na hapo ndipo alipokosea, Mungu amsamehe. Alivifungua vile vidole kimoja kimoja, kwa upole kabisa.

Jioni aliliroweka sweta. Maji yalipochafuka akayamwaga, akaweka mengine, akaongeza sabuni ya unga yenye harufu ya maua, ile aliyoitunza kwa ajili ya mashuka ya wageni. Alitafuta uzi wa rangi ileile, akashona mpaka mshono usionekane.

"Nguo zangu zingeonewa huruma hivyo, ningekuwa waziri," mumewe alimchokoza.

"Mtoto hana mama huyo," alijibu, akalipiga pasi mpaka likakauka. Alilala ameridhika.

Asubuhi Kasuku alilibeba sweta kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa utaratibu. "Nisamehe," alisema, na safari hii hakuwa na utani.

Twiga alilipokea. Mshono hakuutazama. Aliuzamisha uso wake ndani ya sweta, akavuta pumzi. Akaligeuza nje ndani, akanusa kola, akanusa makwapa, akarudia kola, upesi upesi, kama mtu anayepekua mifuko baada ya kuibiwa. Hakuna aliyecheka.

"Mama alikuwa humu," alisema.

Mwalimu alikumbuka yale maji aliyoyamwaga, na jinsi alivyojisifu moyoni yalipotoka machafu. Miaka yote hiyo ya kupatanisha watoto, na swali dogo la kwa nini hakuwahi kuuliza.

"Mwanangu, sikujua," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hutaki hadithi."

Twiga hakusema kwa ujeuri. Alilikunja sweta vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya meza ya mwalimu.

"Mpe anayesikia baridi," alisema, akarudi kukaa.