Kikombe cha Majani ya Muuaji

Mti ule wa pale uani, kando ya ukuta, nyumba nzima iliuita Muuaji, na haukusingiziwa. Mbuzi wa maziwa wa dada alitafuna tawi lake asubuhi, na kabla jua halijapanda alikuwa chali, miguu juu. Dada alilia weee, kisha akamgeukia mdogo wake, seremala. "Ukate. Sitaki kuuona." Seremala akaitikia, akanoa msumeno, halafu kama kawaida yake akaahirisha.

Mara dada akakutwa na uvimbe kwenye titi. Mambo ya mti yakasahaulika, wakawa watu wa hospitali.

Siku moja, muuguzi akitundika dripu, seremala alimuuliza dawa hiyo inatoka wapi. "Asili yake mti," muuguzi akasema. "Unaitwa yuu. Majani membamba kama sindano, vitunda vyekundu vyenye mbegu moja. Kilichomo huizuia seli ya saratani isigawanyike." Seremala akabaki mdomo wazi. Si ndiye Muuaji huyo! Muuguzi alikuwa bado anaeleza, lakini akili ya seremala ilishafika nyumbani.

Kesho yake akachemsha majani sufuria nzima. Alijiona daktari, jamani! Dada amekonda, nywele zimeisha, kila safari ya hospitali anatapika njiani, kumbe dawa iko uani. Akamimina kikombe, akampelekea kitandani. Na kwa kuwa dada ndiye aliyemlea, akamfundisha kwamba mgonjwa hapewi kitu ambacho mpishi hajaonja, seremala akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe kwanza.

Dada akafumbua macho. Akaona jani linaelea.

Nguvu alizitoa wapi, Mungu anajua. Alikipiga kikombe kikaruka hadi ukutani.

"Mbuzi wangu alikufa na nini, we mwehu? Umemeza?"

"Bado, dada. Muuguzi kasema ni dawa..."

"Mpigie simu! Sasa hivi!"

Muuguzi alifoka mpaka dada akamsikia kutoka kitandani. Majani hayo yana sumu nyingine, inayosimamisha moyo. Kiwandani hutenganishwa, ikabaki dawa peke yake, tena kwa kipimo. "Si ungesubiri nimalize kusema!"

Seremala akakaa sakafuni, akalia kama mtoto. Dada akakivuta kichwa chake, akakilaza mapajani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na marehemu mbuzi.

Dripu ziliendelea. Baada ya ile ya mwisho dada akapimwa tena, daktari akawaambia uvimbe hauonekani. Seremala hakujua acheke au alie. Dada yeye alicheka tu, njia nzima.

Nyumbani, dada alikwenda moja kwa moja kwenye ule mti. Seremala akamfuata na msumeno.

"Wa nini huo?"

"Si ulisema niukate?"

"Kakate mbao. Uuzungushie uzio, mbuzi wasiufikie."

Kisha akaushika mti kwa viganja viwili. "Umeniulia mbuzi wangu, mshenzi wewe," akasema, machozi yakimtiririka. "Ahsante. Ahsante sana."