Alama za Nyumba na Jirani

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mwalimu wa chekechea, nusu imesukwa na nusu imesimama wima kama imepigwa shoti, kaka yake alipopiga kelele kutoka upande wa pili wa pazia.

"Zimetoka! Alama zimetoka!"

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua: huku msusi, kule kaka yake kinyozi. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa magemu tangu utotoni, na gemu mpya ya Nyumba na Jirani ilipotoka waliingia kichwakichwa. Humo hamna bunduki wala mbio za magari. Unajenga nyumba, unatafuta kazi, unapika, ukipenda unaoa, na majirani wanakuja kukujulia hali. Basi. Msusi tayari alikuwa na watoto pacha humo na duka la mikate lisilokaukiwa wateja.

"Wametoa ngapi?" akauliza.

"Sita na nusu juu ya kumi."

Kitana kikamponyoka. "Sita na nusu? Nani huyo? Ameicheza au ameiota?"

"Yule mchambuzi wa miwani mikubwa. Anasema gemu inapendeza macho lakini haina uhai. Na kaipendelea! Mimi ningeipa nne."

Msusi akalisukuma pazia. Alijisikia kama mtu aliyetukaniwa mtoto mbele za watu. Alimkuta kaka yake kaganda na simu mkononi, na kitini dereva wa lori ana povu shavu moja, shavu jingine limeshanyolewa.

"Nne, kaka? Nne ni alama ya gemu iliyoharibika!"

"Kwangu imeharibika. Dada, nimejenga nyumba ya ghorofa. Sebule, maktaba, jiko la kisasa. Lakini tangu nihamie, hakuna jirani hata mmoja aliyenibishia hodi! Mtu wangu anakula peke yake, analala peke yake, anaongea na jokofu."

Hapo msusi akapunguza sauti kidogo. Tangu wifi yake ahamishiwe kikazi mji mwingine, jioni nyingi kaka yake alizimalizia kwenye nyumba ile ya simuni, na msusi alijua hayo ya kuongea na jokofu hayakuwa ya gemu tu. Lakini nne? Hapana, nne hakuweza kuimeza.

"Majirani wangu mimi hawaondoki," alisema. "Nawafukuza na fagio. Ni tisa hii, kaka. Tisa kavu."

"Jamani, ndevu zangu," dereva akasihi.

"Subiri kidogo, mzee wangu, hili ni jambo la msingi," kinyozi akamwambia.

Kundi la mashabiki kwenye simu nalo lilikuwa linawaka moto. Mmoja aliyejiita Mla Kona aliandika kwamba wanaotoa tisa hawajawahi kuona gemu nzuri maishani mwao. Bibi Bomba akamjibu kwamba wanaotoa nne hawana marafiki hata nje ya gemu. Mwalimu wa chekechea, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja, alishakuja na nusu kichwa chake kusimama nyuma ya msusi, akawa upande wa tisa kwa sababu tu msusi ndiye aliyeshika nywele zake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama yao, aliyekuja kuoshwa nywele.

"Sauti zenu nimezisikia tangu kona kule. Mnagombania urithi? Mbona mimi bado mzima?"

"Shikamoo mama," wakajibu kwa pamoja, kisha wakaanza kumshtakia kwa pamoja vilevile, kila mmoja akimkata mwenzake maneno.

Mama akanyoosha mkono. "Hebu niione hiyo nyumba yenye nuksi."

Kinyozi akampa simu, akamwonyesha jinsi ya kuizungusha picha kwa kidole. Mama akavaa miwani, akaizunguka nyumba polepole kama mpangaji asiyetaka kutapeliwa.

"Nzuri," alisema. "Mapazia umechagua vizuri. Watu wanaingilia wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Mlango upi?"

Kinyozi akainama kutazama. Upande wa mbele, ukuta. Upande wa nyuma, ukuta. Akakuna kisogo.

"Nilipopanua sebule niliung'oa... nikasema nitaurudisha."

"Na hawa wanaokanyaga maua yako ni akina nani?"

Hapo ndipo dereva alipoinuka kitini na povu lake, naye akaja kuchungulia. Kwenye kona ya nyumba, pale ambapo zamani palikuwa na kibaraza, mtaa mzima ulikuwa umesimama. Wengine wameshika sahani za keki. Mmoja kafungua mwavuli. Babu mmoja mwenye kaptura nyekundu alikuwa kasinzia akiwa amesimama, sufuria mkononi.

"Kumbe walikuwa wanakuja," kinyozi akasema taratibu.

"Weka mlango, mwanangu, watu wanachoka!"

Akauweka. Looo! Waliingia kama maji yaliyovunja bomba. Keki zikajaa mezani, zikajaa sakafuni, zikapandishwa ngazi. Wanawake wawili walianza kucheza muziki maktabani. Kijana mmoja alijitosa bafuni na nguo zake. Yule mtu wa kinyozi alisimama katikati ya sebule akigeuka huku na huku, na juu ya kichwa chake moyo mwekundu ukavimba mpaka ukagusa dari. Msusi alicheka mpaka akakaa chini. Kinyozi alicheka mpaka akajipangusa macho kwa taulo la mteja, povu likampaka puani, na kicheko kikaanza upya.

Alipopata pumzi alisimulia yote kundini, bila kujificha. Mla Kona akaandika: "Ngojeni niangalie yangu." Kisha: "Mungu wangu. Na mimi sina mlango."

Basi vita vikafa palepale. Watu wakaanza kualikana nyumba kwa nyumba, na Bibi Bomba akawa wa kwanza kwenda kwa Mla Kona, na keki.

"Tisa na nusu," kinyozi akatangaza, akiokota wembe.

"Ngoja kwanza," msusi akasema. "Majirani gani wanasimama kwenye mvua wiki nzima bila hata kugonga dirisha? Hiyo ni kasoro kubwa. Mimi nashuka. Saba."

"Saba! Dada, umerogwa?"

"Saba, tena kwa huruma!"

Wakashikana upya, sauti juu, pazia likiwa wazi kati yao. Mama hakuwasikiliza. Alikuwa amekalia kiti cha kuoshea, simu ya mwanawe mkononi, akimfuata babu wa kaptura nyekundu, ambaye alikuwa amepita jikoni na kuanza kuosha vyombo bila kutumwa na mtu.

"Huyu," alimwambia mwalimu wa chekechea, "huyu nampa kumi."